Je, Wajua? Hari Iliyokwama Njiani

Kiyoyozi cha gari hakitengenezi baridi. Neno hili huenda likamshangaza mtu aliyezoea kubonyeza kitufe na kungoja ubaridi umpige usoni, walakini ndivyo mambo yalivyo kwa hakika yake: baridi ni hali inayobakia mahali baada ya hari kuondolewa, na kazi yote ya chombo hiki, tangu mkanda unapoanza kuizungusha kompresa mpaka injini inapozimwa, ni kuitwaa hari iliyomo ndani ya gari, kuipakia juu ya gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba, na kwenda kuitua nje, mbele ya rejeta, ili upepo uichukue. Kwa hiyo mtu aliyefunga madirisha yake kisha akapuliziwa hewa ya uvuguvugu yampasa atafute ni mahali gani katika safari hiyo hari ilipokwama. Na fundi anayeanza na swali hili hapotezi fedha za mwenye gari kwa kubahatisha.

Katika nchi ya Kwale, hususan upande wa kusini wa pwani, jambo hili si la anasa. Barabara itokayo Likoni hupita Tiwi na Ukunda, ikaiacha Gazi na Msambweni, na kabla ya kufika Ramisi huchepuka njia ya kuelekea baharini, iendayo Bodo. Na hapo Bodo gari hukoma, maana Kisiwa cha Funzi kiko ng'ambo ya maji, na aendaye huko hupanda mashua. Gari hubaki ufukoni likimngoja mwenyewe, jua la kaskazi likilichoma tangu asubuhi hata alasiri, na pepo za bahari zikilipaka chumvi isiyoonekana kwa macho. Arudipo msafiri hukuta hari ya ndani imepita nyuzi 50, usukani haushikiki, viti vinaunguza. Na hapo ndipo kiyoyozi kinapotakiwa kitimize kazi yake, wala si katika ubaridi wa asubuhi ambapo hata dirisha lililo wazi lingetosha.

Asili ya ilimu hii inajulikana tangu kale na kila nyumba iliyowahi kuweka mtungi wa udongo kivulini. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke; na kwa kuwa maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo kula hari, huila ile iliyo karibu nayo, yaani hari ya maji yaliyosalia ndani, nayo yakapoa. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa mahali pa maji pamewekwa gesi, ambayo katika magari mengi ya barabara zetu ni ile iitwayo R-134a. Gesi hii ikiachwa wazi hewani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Lakini ndani ya kiyoyozi haiachwi ikapotea, bali mvuke wake hukusanywa, hubanwa, hurudishwa kuwa majimaji, ukatumwa tena kazini, mara elfu na elfu. Msomaji na alishike neno hili, kwani ndilo msingi wa hukumu zote zitakazofuata: gesi ya kiyoyozi hailiwi na kazi yake. Ukitoa kiasi kidogo mno kinachopenya katika mipira kwa muda wa miaka mingi, gesi iliyopungua ni gesi iliyotoka, na palipotoka gesi pana tundu.

Safari yenyewe ina vituo vinne. Kompresa hufyonza mvuke uliopoa na kuubana hata shinikizo lake, katika siku ya joto, likafika ratili 200 kwa inchi ya mraba au zaidi, na hapo gesi huwa imepanda kupita nyuzi 55. Huenda mtu akauliza, ya nini kuitia hari gesi tuliyotaka itupoze? Jawabu ni kwamba hari haiendi ila kutoka palipo moto zaidi kwenda palipo moto pungufu. Na maadamu hewa ya Msambweni ina nyuzi 32, gesi yenye nyuzi 20 haiwezi kuitulia mzigo wowote, ilhali ile iliyopanda juu namna hiyo huutua kwa wepesi. Kutua huko hufanyika katika kondensa, ule wavu wa alumini ulio mbele ya rejeta, na humo mvuke hugeuka majimaji. Majimaji hupita katika chujio lenye dawa ya kukausha unyevu, yakafika kwenye vali ambayo tundu lake ni jembamba hata shinikizo huanguka ghafla mpaka ratili 30 hivi. Na gesi ikiisha kulegezwa namna hiyo huchemka kwenye nyuzi 1 au 2 tu juu ya sifuri, ndani ya evapareta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ikila hari ya hewa inayopulizwa juu yake na feni. Kisha mvuke hurudi kwenye kompresa, na mzunguko ukaanza upya.

Sasa liko jambo ambalo watu wa bara huteremka nalo pwani bila ya kulijua. Hewa yetu, ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, hubeba takriban gramu 25 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Na hewa hiyo ikipozwa hata nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu, kwa hivyo gramu 15 au 16 zilizozidi hazina budi kutona juu ya evapareta na kumwagika nje kwa mpira mdogo ulio chini ya gari. Kuugeuza mvuke huo kuwa maji kunadai hari itolewe, na ukipiga hesabu utaona kwamba kuikausha hewa ya pwani ni kazi kubwa kuliko kuipoza: sehemu tatu za nguvu ya kiyoyozi huenda katika maji, na mbili tu katika baridi. Nairobi, ambako hewa ya adhuhuri aghalabu ni kavu zaidi na haina moto mwingi, gari lile lile halikutwikwa ila mzigo mwepesi. Ndiyo maana mgeni aliyesafiri kwa raha hata Mtito Andei hufika Diani akadai kiyoyozi chake kimeharibika, na kumbe ni kizima, ila kazi imezidi. Akibonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, asiendelee kuvuta unyevu mpya kutoka nje, atapata nafuu kubwa bila ya kulipa senti. Na ule mchirizi wa maji chini ya gari lililosimama, unaowatia watu wasiwasi, ni dalili ya afya. Kinachostahili wasiwasi ni maji yale yasipotoka nje, yakaonekana ndani miguuni pa abiria, kwani hapo mpira umezibwa na taka.

Historia ya kiyoyozi ni fupi. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alijipatia hati ya uvumbuzi wa mashine ya kupoza kwa mvuke uliobanwa mwaka 1834. Lakini gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani lilikuwa Packard, huko Marekani, mwishoni mwa 1939. Chombo kile kilijaza sehemu kubwa ya buti, tena hakikuwa na klachi, hata aliyetaka kukisimamisha alilazimika kuzima injini, kufungua boneti na kuuvua mkanda kwa mikono yake. Mwaka 1954 kampuni ya Nash ilikikusanya chote mbele ya gari, na umbo hilo ndilo tulilonalo hata leo.

Turejee kwa fundi. Fundi mwema husikiliza na kugusa kabla ya kufunga geji. Injini ikiunguruma na kiyoyozi kikiwashwa, klachi ya kompresa sharti igonge mlio mdogo mkavu, na kile kisahani cha mbele ya puli kianze kuzunguka pamoja nayo. Kisipozunguka, hitilafu huenda ikawa ya umeme, yaani fyuzi iliyoungua, rilei iliyokufa, waya uliolika kwa chumvi, au klachi yenyewe kuchakaa. Au huenda ikawa swichi ya shinikizo inafanya kazi yake kwa uaminifu, maana gesi ikipungua mno swichi hiyo huizuia kompresa isizunguke, kwa kuwa mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi, na kompresa inayozunguka bila ya mafuta hujisaga mpaka ikajaza vumbi la chuma katika mabomba yote. Nimeona mafundi wa haraka wakiiunganisha waya swichi ile ili kompresa izunguke kwa nguvu. Huo ni uharibifu, wala hauna jina jingine.

Kompresa ikiwa inazunguka, mkono huenda kwenye mabomba. Bomba nene linalotoka kwenye dashibodi kurudi kwenye kompresa yapasa liwe baridi na kutoka jasho. Lile jembamba litokalo kwenye kondensa liwe na moto wa kadiri. Bomba nene likiwa baridi sawasawa, ilhali hewa inayotoka mbele ya abiria ni ya moto, gesi haina hatia. Ndani ya dashibodi kuna kibao kidogo kinachochagua ama hewa iliyokwisha kupita juu ya evapareta itoke moja kwa moja au ipite kwanza juu ya kipasha joto chenye maji ya injini, na kibao hicho kikikwama upande wa moto, au mota yake ndogo ikifa, hewa yote iliyopozwa kwa taabu hupashwa moto tena kabla ya kutoka. Pwani hatukihitaji kipasha joto hicho mwaka hata mwaka, na huenda ndiyo sababu hakuna anayekikumbuka. Watu wamebadilishiwa kompresa nzima nzima kwa ajili ya kibao cha plastiki.

Dalili nyingine huonekana katika foleni ya kivuko cha Likoni. Gari linalopoza vizuri likienda mbio kati ya Msambweni na Ukunda, kisha likapuliza hewa ya moto mara lisimamapo katika foleni, limekwisha kutoa ushahidi wake lenyewe: upepo wa mwendo ulikuwa ukiipoza kondensa, na upepo ulipokoma hapakuwa na kingine cha kuipoza. Ama feni ya umeme iliyo mbele haizunguki, au nafasi za kondensa zimezibwa na vumbi, wadudu na chumvi. Kondensa husafishwa kwa maji yasiyo chumvi, yamiminwe kwa upole kutoka upande wa injini kwenda nje, kwani mapezi yake ni membamba mno na maji ya nguvu huyalaza yote yakazidi kuzuia hewa. Kwa gari linalolala karibu na bahari, kuosha huku kila baada ya wiki chache kuna faida kuliko dawa yoyote inayouzwa katika makopo, kwa sababu chumvi haizibi tu, bali huitoboa alumini taratibu, na tundu la kondensa ndilo maradhi makuu ya viyoyozi vya pwani.

Ikiwa hewa ilianza baridi, kisha baada ya saa moja ya safari ikafifia mpaka ikawa pumzi tu, na baada ya kuzimwa kitambo ikarudi, evapareta imeganda barafu. Na aghalabu chanzo ni lile chujio la hewa nyuma ya sanduku la dashibodi, ambalo vumbi la njia ya Bodo limelijaza hata hewa haipiti.

Baada ya hayo ndipo geji zifungwe, moja upande wa shinikizo dogo na nyingine upande wa kubwa. Na hapa pana mtego. Gari likiwa limezimwa, katika joto la nyuzi 32, geji zote mbili huonyesha ratili 100 hivi, nazo zitaonyesha hivyo hivyo kama gesi ni kamili au kama imebaki robo yake, kwa sababu maadamu limebaki tone la majimaji ndani, shinikizo hufuata joto wala halifuati kiasi. Asomaye geji injini ikiwa imezimwa akasema "gesi iko" hakusema lolote. Injini ikiwashwa ndipo ukweli unapodhihiri: upande mdogo ukiwa kati ya 25 na 45, na mkubwa ukikaribia 200 mpaka 250, mzunguko uko katika kawaida yake, pande zote zikiwa chini, gesi imepungua, pande zote zikiwa juu, kondensa haipoi, au gesi imetiwa kupita kiasi, au hewa imeingia, na upande mdogo ukipanda huku mkubwa ukishuka hata zikakaribiana, kompresa imechoka na haibani tena.

Tufike sasa kwenye lile ninaloliona kuwa dhuluma ya kila siku. Mwenye gari husimama kando ya barabara akasema, "Fundi, niongezee gesi kidogo tu, niende zangu." Fundi mwaminifu humjibu, "Mzee, na ile ya mwezi uliopita imekwenda wapi?" Fundi asiye mwaminifu, au asiye na wasaa, humwongezea, akapokea ujira wake, na baada ya mwezi wakaonana tena. Tundu halikutafutwa, ijapokuwa kulitafuta si muujiza: palipovuja gesi pamevuja mafuta pia, kwa hiyo doa la mafuta lenye vumbi kwenye kiungo ni shahidi wa kwanza, povu la sabuni ni wa pili, na ikiwa tundu ni dogo mno, hutiwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau, au mabomba hujazwa naitrojeni ikaachwa huku geji ikitazamwa kama itashuka. Mara nyingi kosa ni pete ya mpira ya kiungo, kitu kidogo chenye bei ndogo.

Tundu likiisha kuzibwa, haifai kutia gesi papo hapo, maana ndani mmeingia hewa na unyevu, na unyevu wa pwani si haba. Pampu ya kufyonza hufungwa, ikaachwa ifanye kazi nusu saa au zaidi. Shinikizo la ndani likishuka chini ya sehemu moja katika 24 ya shinikizo la hewa, maji huchemka kwenye nyuzi 30 tu, yaani kwa joto la mchana wa kawaida, yakageuka mvuke na kufyonzwa nje. Kumbe pampu ile huondoa hewa na kukausha kwa wakati mmoja. Anayeiruka hatua hii huyaacha maji ndani yachanganyike na gesi na mafuta, yakazaa asidi inayokula alumini kutoka ndani, na mengine yakagande kwenye tundu la vali. Kisha gesi hutiwa kwa mizani. Magari yetu mengi yamekuja Mombasa yakiwa ya mtumba kutoka Japani, na chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini jina la gesi na idadi ya gramu husomeka na kila mtu, na kwa gari dogo aghalabu ni kati ya 400 na 600. Gramu 100 zikizidi si ukarimu, kwani majimaji yaliyozidi huijaza kondensa, nafasi ya kupozea ikapungua, na hewa ikarudi kuwa vuguvugu. Wala pasitiwe gesi ya kupikia mahali pa gesi ya kiyoyozi, hata ikipoza: nusu kilo ya gesi inayowaka, nyuma ya dashibodi yenye nyaya, ni hatari isiyo na udhuru.

Na ile gesi iliyovuja, mwezi baada ya mwezi, haikupotea. Gesi za kwanza za namna hii zilibuniwa na Thomas Midgley na wenzake huko Marekani karibu na mwaka 1930, na iliyopata kutumika katika magari iliitwa R-12, haiwaki wala haina sumu, ikasifiwa ulimwengu mzima. Mpaka Mario Molina na Sherwood Rowland walipobainisha mwaka 1974 kwamba klorini yake hupanda juu ikaila ozoni inayotukinga na miali ya jua. Mkataba wa Montreal wa kuilinda ozoni hiyo ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, kwa juhudi kubwa ya Mmisri Mostafa Tolba, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, na sekretarieti ya mkataba huo iko Nairobi hata sasa. R-134a ilishika mahali pa R-12 katika miaka ya 1990. Hii haidhuru ozoni, lakini kila kilo yake huizuia hari ya dunia isitoke, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Kwa hiyo gari dogo linapomwaga nusu kilo ya gesi hewani, ni sawa na kuunguza kama lita 300 za petroli. Kwa ajili hiyo mataifa yalikutana Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakaafikiana kuzipunguza gesi za jamaa hii hatua kwa hatua. Ahadi hiyo ya Kigali hutekelezwa, au huvunjwa, katika gereji za kando ya barabara, pale fundi anapochagua ama kuivuta gesi ya zamani kwa mashine na kuihifadhi katika mtungi wa chuma, au kuufungua mdomo wa bomba na kuiacha ivume.

Magari mapya zaidi, ambayo yameanza kufika katika shehena za mtumba, yanakuja na gesi nyingine, R-1234yf, ambayo haikai hewani ila siku chache. Midomo ya kujazia ni tofauti, geji za zamani hazishiki, nayo huwaka kidogo ikikutana na moto, basi fundi hana budi kusoma karatasi ya boneti kwanza na kununua vifaa vinavyostahili.

Ama kazi ikiisha, isijaribiwe kivulini. Gari litolewe juani, madirisha yafunguliwe kwanza dakika moja au mbili ili hari iliyojaa itoke yenyewe, kisha yafungwe, hewa izungushwe ya ndani, injini iachwe ikinguruma bila ya mwendo, na kipimajoto kitiwe katika tundu la katikati la dashibodi. Baada ya dakika kumi kikisoma nyuzi 8 mpaka 12, na maji yakawa yanatona chini, mwenye gari na alipe kwa moyo mkunjufu. Kikisoma 18, boneti ifunguliwe tena.